Unga Chini ya Kigoda

Juzi, kwenye makumbusho, mhudumu alitandaza karatasi nyeusi chini ya kigoda cha kale. "Unga mpya ukianguka, tunajua fukusi bado wamo ndani, wanakitafuna," akasema. Damu ikanichemka.

Kwetu Kariobangi, kigoda cha babu kilinukia samli na moshi, na kila nilipofagia nilikuta unga laini chini yake. Nilidhani kina mba.

"Mama, kigoda kinatoa unga tena."

"Fagia! Wageni wanakuja."

Nikafagia. Alasiri hiyo pasta alikikalia, mguu wa kigoda ukakatika, akaanguka na chai yake. Mama akanizaba kofi mbele ya wageni wote. "Mtoto mharibifu wewe!"

Hadi leo Mama husimulia nilivyokivunja, na watu hucheka. Mimi sicheki. Nilikuwa na miaka saba, na nilimwambia.