Eda ya Mama Visimani Elwak

Asubuhi ile zamu ya kisima ilikuwa yetu. Kaka yangu Abdi alisimama ndani ya kisima, chini kwenye mawe meupe, akipokea ndoo za ngozi ya twiga na kuwarushia wenzake wa juu, wote wakiimba wimbo wa kunywesha ngamia. Mimi nilikuwa nikizuia mbuzi wasiingilie hori. Tulicheka sana, maana Abdi alikuwa akichomeka jina la mchumba wake ndani ya wimbo, na hapo Elwak hapakuwa na mtu asiyemjua msichana huyo.

Baba alikuwa amekufa kwa homa mwezi uliotangulia. Mama, ambaye sisi humwita Hooyo, alikuwa katika eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane. Alivaa nguo nyeupe na kukaa ndani ya herio, nyumba yetu ya fito na mikeka, wala hakutoka ila kwa haja. Kaburi la baba lilionekana kutoka mlangoni.

Vita tulivisikia kwanza kama ugomvi wa jirani. Waingereza na Waitaliano walikuwa wanagombana juu ya mpaka, na mpaka wenyewe sisi tuliuvuka kila mvua iliponyesha upande wa pili. Kisha askari wa serikali wakafunga mizigo, wakachoma walichoshindwa kubeba, wakashika njia ya Wajir. Kesho yake majirani wakaanza kung'oa nyumba zao na kuzipakia ngamia.

Abdi alisema tunahama. Hooyo akasema yeye hahami.

"Eda yangu haijaisha. Mwenye eda halali nje ya nyumba ya mumewe."

"Nyumba yenyewe tutaibeba, Hooyo."

"Na kaburi utalibeba?"

Tukamwita Maalim Yusuf, aliyetufundisha Qur'ani mimi na Abdi. Mzee aliketi nje ya mlango, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima, akamweleza kwamba penye hofu ya roho sheria inamruhusu mwenye eda kuhama.

"Mwenyezi Mungu hakuiweka eda ikuue, mama Abdi."

"Nimesikia, Maalim," Hooyo alijibu kwa upole. "Lakini hiyo ni ruhusa. Si amri."

Maalim aliinuka akaaga. Alasiri aliondoka na watu wake.

Nilikuwa msichana mwenye ulimi. Nilimwambia Abdi kwamba dini imemfunga mama yetu miguu kama ngamia. Akanikatiza.

"Usiseme hivyo, Dahabo. Huoni kwamba hali chakula ila akishasali? Bila sala angekuwa amelala kando ya baba."

Na ilikuwa kweli.

Mifugo haikuweza kungoja. Abdi aliiswaga hadi malisho ya upande wa Wajir, akaikabidhi kwa binamu zetu. Angeweza kubaki huko. Mchumba wake alikuwa huko na jamaa zake wote. Akarudi, yeye na ngamia mmoja wa mizigo, na alipofika alimfunga mbele ya nyumba na kuinamisha kichwa mlangoni.

"Leo, Hooyo. Utapanda mwenyewe, au nitakufunga juu yake kama mkeka."

Hooyo akacheka. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka. "Niache nisali dhuha kwanza," alisema. Abdi akachukua vyombo, akaenda kisimani kuteka maji ya safari.

Ndege ilitokea upande wa jua.

Nilidhani ni ngurumo. Kisha niliona kivuli chake kikipita juu ya ardhi.

Bomu likalipuka, na kisimani kukapanda vumbi jeupe.

Ikaja ya pili.

Nilijitupa chini. Hooyo alikuwa kwenye sijda, na hakuinua kichwa hadi mlio ulipokwisha. Ndipo akatoka mbio, miguu mitupu, akalipita kaburi la baba bila kulitazama.

Abdi alikuwa ameegemea hori. Pumzi ilikuwepo bado. Hooyo alimweka kichwa mapajani, akamtamkisha shahada neno kwa neno. Aliimaliza. Kisha pumzi ikakatika.

Wanaume walikuwa wameondoka. Tulichimba sisi wawili, kwa sufuria na kwa mikono. Hooyo alimfunika kwa shuka yake nyeupe, akamsalia, akajaza maji vile vyombo alivyoviacha Abdi. Kisha akanipa kamba ya ngamia.

"Shika. Twende."

Njiani nilikaa chini nikasema siinuki. Hakunibembeleza. "Tutembee hadi adhuhuri," alisema. Adhuhuri ilipofika tukasali, akasema tutembee hadi alasiri. Kesho yake vivyo hivyo. Hivyo ndivyo nilivyofika Wajir. Peke yangu nisingeuona ule mji.

Leo naishi Garissa. Vijana wanaosoma shule hubishana barazani kwangu kama dini humpa mtu furaha au humnyima, nami huwasikiliza nikipika chai. Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu: dini ilimweka Hooyo pale Elwak, na Abdi akafa kwa kumrudia. Hooyo alipoanza kudhoofika, nilimtupia neno hilo usoni.

Alinishika mkono.

"Dini ilinipa ruhusa, mwanangu, kwa kinywa cha Maalim, nikaikataa. Sikuweza kumwacha baba yako. Usimsingizie Mungu."

Hatukulizungumza tena. Naye pia nimeshamzika. Mchumba wa Abdi aliolewa, ana watoto wakubwa, na tukikutana sokoni tunaamkiana vizuri. Kaka yangu hana mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Hilo halijarekebishwa na kitu chochote, wala sala haijalipunguza. Lakini nasali. Ziko siku nasimama kwenye mkeka nikiwa na furaha, na ziko siku nasimama nikiwa na hasira, na zote mbili nasimama.