Kidole cha Tatu cha Anold

Asiyemjua Anold wa kijiji cha Mamba hajawahi kula tangawizi ya maana, kwa sababu miaka kumi na moja hakuna shamba la ukingo ule lililokunywa maji bila mkono wake. Yeye ndiye aliyekuwa akichomoa kizibo cha ndiva, lile bwawa la kuchimba walilorithi kwa mababu, linalojaa usiku kucha kutoka kijitoni na kufunguliwa asubuhi. Mashamba ni kumi na nane, matatu kwa siku, na Jumapili maji hupumzika pamoja na Walutheri. Daftari hakuna. Zamu zote zilikaa kichwani mwa Anold, na kichwa chenyewe alikisifu kama mtu anayesifu beberu wake mnadani.

Kisha kichwa kikamgeuka. Miaka mitatu iliyopita alikaa siku nne bila kulala, wala hakuona haja. Maneno yalimtoka kama mahindi yanayopukuchuliwa. Siku ya tano, alfajiri, akapata wazo ambalo aliamini hata wahandisi wa mkoa wangemwonea wivu: watu wangoje zamu ya nini? Akapita na jembe, akafungua michepuko yote kumi na nane, akachomoa kizibo, akasimama ukingoni kuhubiri. Maji yakaenda kila mahali na hayakufika popote. Yalilowesha vumbi kina cha ukucha, yakaisha, na tangawizi changa ikanyauka wiki hiyohiyo.

Alivyopanda ndivyo alivyoshuka. Miezi miwili alilala kitandani, kuoga kukawa safari. Daktari mjini Same akauita ugonjwa huo baipola, akampa dawa, na dawa zikafanya kazi yake. Kizibo kikahamia kwa Sifael, shemeji yake, kaka wa mkewe Ernesta.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Moyo ulitulia, lakini kichwa hakikurudi. Nyimbo za kwaya za utotoni aliziimba beti zote. Ila Ernesta alipomtuma dukani chumvi, kiberiti na sabuni, alirudi na chumvi na mpini wa jembe.

"Mpini wa nini, Baba Elisifa?"

"Niliuona mzuri."

"Kwa hiyo leo tunaoga na mpini."

Mwingine angeona aibu tu. Anold aliona aibu, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini zaidi aliona ajabu. Maneno yale aliyasikia yakiingia. Sasa yalitokea mlango gani? Swali hilo lilimwasha kama upupu. Alilitembeza shambani, akalala nalo, na mwisho akapanda nalo bodaboda, kisha gari la kushuka Same, mpaka kliniki kwa sista Koleta, muuguzi wa afya ya akili, binti ambaye Anold angeweza kumzaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sista, dawa zimetuliza moyo. Kichwa je?"

Koleta hakumzungusha. Alimweleza kwamba ugonjwa huu ukishatulia unaweza kuacha kumbukumbu na umakini vimelegea, na kwamba yako mazoezi ya akili, wiki kumi na mbili. "Dawa huachi. Na kichwa cha zamani sikuahidi."

"Cha zamani kilikuwa kikubwa mno, hata kofia zilinikataa," alisema Anold. "Nitafutie cha kunitosha kushika tena kizibo cha ndiva yetu."

Basi mwanamume mzima, mwenye wajukuu wawili, akaanza kucheza kadi. Kadi kumi na sita zililazwa kifudifudi mezani, mbilimbili zenye picha moja: tembo na tembo, treni na treni. Kazi ilikuwa kufunua na kukumbuka ilipo ndugu yake. Kulikuwa pia na michezo ya kishikwambi, ambamo alitakiwa kugusa nyota na kuacha mwezi, na Anold aligusa kila kilichong'aa. Kijijini Sifael akapata la kusema. "Shemeji anasoma chekechea Same. Mwakani tunamnunulia sare."

Wiki ya nne Anold akamaliza kadi zote kwa dakika tatu. Koleta akaziangalia kadi, akamwangalia yeye.

"Juzi robo saa ilikushinda. Leo umekula nini, baba?"

"Tangawizi."

"Baba Anold."

Akainamisha kichwa. "Tembo ana doa la chai mgongoni. Treni imekunjwa pembe. Nyingine zina mikwaruzo. Nilishika alama, sikushika mahali zilipo."

Alingoja afukuzwe. Koleta akavuta kiti karibu. "Ulizionaje hizo alama?"

"Niliangalia."

"Wiki ya kwanza ulikuwa huangalii, ulikuwa unavamia. Sasa niambie, kule kwenye ndiva, ukirudishiwa kizibo, kitakachokuchanganya ni nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Anold akawaza mpaka foleni ya nje ikaanza kukohoa. Zamu zenyewe hazikumsumbua, zilikuwa zimerudi zote. Kitakachomshinda ni mabadilishano. Kule Mamba mtu habadilishani zamu mkutanoni. Hukutana na mshika kizibo njiani, hata salamu haijaisha, akasema leo yangu mpe fulani, nitachukua yake Alhamisi. Hapo huwa imepita, ni sheria. Ukisahau, shamba la mtu linalala na kiu.

Kuanzia siku hiyo Koleta akaacha kumpangia kadi tu. Alimpangia kadi huku akimpa maagizo katikati, na kumkatiza kwa habari za mvua. Alimfundisha kusimama, kurudia agizo kwa sauti, ndipo aendelee. Nyumbani Ernesta akawa mwalimu wa zamu ya jioni, naye hakuwa na huruma. Lakini swali moja Anold alibaki nalo peke yake: mtu aliyesahau atajuaje kwamba amesahau, ikiwa hata kusahau kwenyewe amekusahau? Alilitafuna wiki mbili. Jibu alilipata akivuna maharage: kila agizo likunje kidole kimoja. Maneno yakitoroka, kidole kitabaki ndani kama shahidi.

Koleta aliposikia alicheka, kisha akaliandika.

Jumamosi ya msaragambo, kijiji kizima kikizoa tope la ndiva, Mzee Hezroni, mwenyekiti wa maji, akatoa neno juu ya ombi la Anold la kurudishiwa kizibo. Jumatatu Anold angeshika kizibo asubuhi moja. Shamba lolote likikosa haki yake, kizibo kingebaki kwa Sifael, na shauri lisingeletwa tena.

Jumatatu watu walikuja ndivani wengi kuliko siku ya harusi, hata wasio na zamu. Njiani bibi Mwanaidi alimsimamisha: zamu yake ya leo apewe Nathanaeli. Anold akasimama, akarudia, akakunja kidole. Mwalimu wa shule naye akampisha jirani yake wa chini. Kidole cha pili. Ukingoni Sifael akampokea, jembe begani.

"Shemeji, kadi umekuja nazo? Tembo yuko wapi leo? Yangu ya leo mpe mwinjilisti. Au kwanza tukutafutie begi la shule?"

Watu wakacheka, Anold naye akacheka, na kidole kikajikunja chenyewe kama kilivyozoeshwa. Akashika kizibo.

Hapo akaviangalia vidole. Vitatu viko ndani. Akaita majina kichwani. Mawili yakaitika.

Yule Anold wa zamani angechomoa kwa mbwembwe. Huyu akaondoa mkono kwenye kizibo.

"Vidole vinasema watatu, kichwa kinasema wawili," alisema. "Mmoja wenu alinipa neno nikaliangusha. Sichomoi mpaka nilipate."

Mzee Hezroni akaegemea fimbo yake. Sifael akakuta kitu cha kutazama kwenye tope la viatu vyake. Jua likapanda kidogo.

"Kaka," alisema Ernesta. Alikuwa mbele ya watu, akimkazia macho.

"Ni mimi," Sifael akasema. "Yangu ni ya mwinjilisti. Lakini mmeona wenyewe, amesahau."

"Amesahau, akauliza," alisema bibi Mwanaidi. "Wewe Alhamisi mbili nilizobadilishana zamu umenisahau, na nilipokuja kwako ukaniambia maji yamepungua mbinguni."

Mzee Hezroni alisubiri kicheko kipite. "Chomoa," alimwambia Anold.

Anold hakuchomoa. Alirudia kwanza kwa sauti, shamba kwa shamba, la Nathanaeli, la jirani wa mwalimu, la mwinjilisti. Ndipo akavuta. Maji yakaguna, yakaruka mferejini, naye akayafuata kwa miguu akiwa na jembe, mkono wa kushoto umefumbwa. Kwa Nathanaeli akafungua kidole kimoja. Chini kwa jirani, cha pili. Saa nne ilikuwa imepita maji yalipoingia kwenye tangawizi ya mwinjilisti, na Anold alisimama pale akiyatazama mpaka tuta la mwisho likawa jeusi, ndipo akakunjua cha tatu, kilichokuwa kimekufa ganzi.