Nusu Mbili za Samaki Mmoja

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nafundisha sekondari huko Zinga na naishi Mapinga, katika nyumba ambayo sebule yake imejaa mawe. Wageni wakija hudhani tumepungukiwa na viti, kumbe viti vipo, ila vimekaliwa na samaki. Ni samaki wa kisukuku, yaani waliokufa zamani mno, wakafunikwa na tope, tope likawa jiwe na mifupa yao ikabaki humo. Nawanunua kwenye minada ya mtandaoni, kwa simu, nikiwa ofisi ya walimu nasubiri kipindi.

Nilianza na mmoja mdogo, amezidi dagaa kidogo tu, kwenye kipande cha jiwe jeupe. Muuzaji alikuwa mzee mmoja wa ng'ambo, mstaafu, na jina alilompa samaki huyo halikunikaa sawa. Nikamweka chini ya lenzi. Nikatazama pezi la mgongoni limeanzia wapi ukilinganisha na mapezi ya tumboni, nikatafuta yale magamba makali yanayojipanga kwenye ukingo wa tumbo, nikafungua vitabu vyangu. Hakuwa yule aliyeandikwa. Nikamwandikia mzee kwa adabu, na kesho yake akajibu: "Umesema kweli, mwalimu. Nimepitia tena samaki wangu wote, na wengine pia nilikuwa nimewakosea." Akarekebisha, akanishukuru. Kwa hiyo najua kabisa kwamba biashara hii inaweza kufanywa na mtu muungwana. Ndiyo maana yaliyonipata baadaye yaliniudhi kiasi kile.

Nilikuwa na hamu ya silikanti. Huyu ni samaki mkubwa wa vilindini, mapezi yake yameota juu ya vishina vya nyama kama vijimkono. Wataalamu walishasema alitoweka duniani, kisha akavuliwa akiwa hai, na hata huku kwetu, upande wa Tanga, ameshaingia nyavuni. Ndugu zake wa kale hupatikana kaskazini mwa Madagaska, ndani ya mawe ya mviringo kama maandazi. Jiwe likigongwa kwa ustadi hupasuka katikati, na samaki hugawanyika: nusu huku, nusu kule. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu samaki anayeogelea bahari hii hii yetu, wamwone alivyokuwa kabla hakujawa na mtu wa kumvua.

Siku moja akatokea mnadani. Picha zilikuwa za kuvutia. Mkia ulikuwa na sehemu tatu, ile ya katikati imechomoza kidogo kama inavyotakiwa, na kichwa kilikuwa kizima. Picha zote zilikuwa za nusu moja, lakini muuzaji aliandika kwamba nusu ya pili ipo na itatumwa pamoja. Niliweka dau, nikapandiwa, nikaongeza. Mnada ulifungwa wakati wa mapumziko ya chai, jina langu likiwa juu. Walimu wenzangu walinipongeza bila kujua wananipongeza kwa lipi.

Mzigo ulipofika nilikwenda kuuchukua Bagamoyo mjini. Sikuweza kusubiri mpaka nyumbani. Nikapita saluni kwa mdogo wangu, ambaye hupaka watu hina na rangi za kucha, nikamwomba nafasi mezani.

"Shikamoo dada. Umeleta jiwe jingine?"

"Marahaba. Hili si jiwe tu. Subiri uone."

Nilizifungua zile nusu mbili, nikazilaza sambamba, mgongo wa samaki juu. Nikazitazama. Nikazigeuza, nikazirudisha. Mdogo wangu akaniuliza kuna nini.

"Kutanisha viganja vyako," nikamwambia, "halafu vifungue, uviweke mezani. Vidole gumba vinatazama wapi?"

"Kimoja huku, kimoja huku."

"Basi samaki aliyepasuliwa katikati naye ni hivyo. Nusu moja itatazama kulia, ya pili itatazama kushoto. Sasa angalia hawa."

Akaangalia. Wote wawili walikuwa wanatazama kulia.

Mdogo wangu alichukua pamba, akailowesha dawa ya kufutia rangi ya kucha, akanitazama kuomba ruhusa. Nikamkubalia. Alipofuta pembeni ya mkia, pamba ikatoka ya kahawia, na chini yake pakabaki kitu cheupe chenye vitundu vidogo vidogo, kama povu lililoganda. "Rangi hii, dada," akasema taratibu. "Plastiki imepakwa rangi." Mtu alikuwa ametengeneza kalibu moja, akamimina mara mbili, akabandika kwenye mawe, na hata hakujisumbua kutengeneza upande wa pili.

Nilikasirika, lakini hasira ya siku ile ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyeuziwa kibovu. Nilimwandikia muuzaji nikamweleza jambo la kulia na kushoto, nikaambatanisha picha. Nilidhani labda naye ameuziwa. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Kielelezo hiki kimekaguliwa na wataalamu. Inawezekana kimeharibiwa na joto la huko kwenu. Nakushauri umtafute mtu mwenye elimu ya mambo haya akusaidie kukielewa."

Joto la huko kwetu. Samaki amekaa ardhini Madagaska tangu enzi ambazo akili haiwezi kuzishika, aje ageuzwe kichwa na joto la Bagamoyo.

Nikapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa mnada. Wakajibu kwamba nimekipaka dawa kielelezo, kwa hiyo nimekiharibu mwenyewe. Nikawauliza: nusu zote mbili kutazama upande mmoja, hilo nalo limeletwa na pamba? Wakasema nilete barua ya mtaalamu. Basi nikaenda Dar, kwa mhadhiri mmoja wa jiolojia niliyesoma naye. Aliichukua ile nusu iliyofutwa, akaukwaruza mkia kwa ncha ya kisu, akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Hii hata haikujaribu kuwa jiwe, mwalimu," akasema. Akaandika barua nzuri, fupi, yenye muhuri.

Nilipotaka kuituma, fomu ya wasimamizi ilinitaka nichague nchi aliko mtaalamu. Nikashuka na orodha mpaka chini, nikapanda mpaka juu. Tanzania haikuwamo. Madagaska, alikotoka samaki wanayemuuza, haikuwamo. Nikawaandikia kuuliza nifanye nini, wakanijibu kwamba kwa sasa wanapokea maoni ya wataalamu wa nchi zilizoorodheshwa tu, na kwamba shauri langu limefungwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika. Kutapeliwa ni jambo moja. Kuambiwa kwamba macho yako na ya mwenzako hayahesabiwi kwa sababu ya mahali mlipokaa ni jambo jingine kabisa, na kwa hilo sikuwa tayari kunyamaza.

Haukupita muda mrefu muuzaji yule akaleta silikanti mwingine. Nilimtambua mara moja. Chini ya taya lake palikuwa na ufa uliopinda kama ndoana, na ufa huo huo ulikuwa kwa yule wangu, pale pale. Alikuwa ametoka kwenye kalibu ile ile. Madau yalikuwa yanapanda.

Chini ya kila bidhaa pana nafasi ya mtu yeyote kuuliza swali. Sikutukana, sikumwita mtu mwizi. Niliandika hivi: "Naomba picha ya nusu zote mbili pamoja, mgongo juu. Zinatazama upande gani?"

Muuzaji hakujibu. Jioni yake mtu mwingine akaandika, "Nami ningependa kuiona picha hiyo." Kisha mwingine. Asubuhi bidhaa ikawa imeondolewa. Nilifurahi, sitaficha. Lakini wasimamizi waliniletea onyo kwamba nimemsumbua muuzaji. Niliulizia picha, na kuulizia picha kukawa usumbufu.

Swali lile liliniletea pia ujumbe kutoka kwa mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, muuguzi. Alikuwa amenunua silikanti kwa muuzaji yule yule, zawadi kwa baba yake, ambaye ni mgonjwa na maisha yake yote amependa mawe. Alikuwa ameshakwenda kuangalia. Wote wawili wanatazama kulia. "Baba anamshika kila siku," aliandika. "Nakuomba uache kuuliza hadharani. Anasoma kurasa hizo, siku moja ataliona swali lako."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Nilimhurumia yeye, nikamhurumia mzee wake, na hasira yangu kwa muuzaji ikazidi kuliko wakati wowote. Nilimjibu kwamba baba yake sitamtaja popote, lakini swali siwezi kuliacha, kwa sababu kuna binti mwingine mahali fulani anamtafutia baba yake zawadi. Hakunijibu. Sijui kama nilimjibu vizuri. Nikiulizwa leo, nitamjibu vile vile.

Muuzaji alirudi kwa jina jipya, na samaki yule yule. Nikauliza. Safari hii wasimamizi waliifunga akaunti yangu kabisa, pamoja na kumbukumbu za samaki wote niliowahi kununua kihalali. Niliwaandikia tena, kwa lugha ya ustaarabu iliyonigharimu jitihada kubwa, lakini jibu halikuja.

Nilimsimulia mdogo wangu saluni, nikizungukazunguka katikati ya wateja wake. Aliniachia niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akafuta mikono, akachukua simu yake, akafungua akaunti kwenye mnada ule, na kwenye picha ya mwenye akaunti akaweka mkono wa bibi harusi uliopakwa hina.

"Haya," akasema. "Nitajie hilo swali, niandike."

Nikamtajia. Akaandika, akalituma, akarudi kwa mteja wake aliyekuwa anangoja ukucha wa mwisho.