Msumari Ndani ya Kiatu cha Mchungaji

Msiniitikie Amina bado. Wekeni mikono mapajani mnisikilize kwanza, maana ushuhuda huu una watu ndani yake, na watu wenyewe mmekaa humu humu. Namshukuru Mungu kwamba nimesimama. Ninyi nitawafikia.

Mnanijua, mwaka wa sita huu nawachunga hapa Chilangala. Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa miguu. Jumamosi natembelea washirika nyumba kwa nyumba, na msimu wa korosho nawafuata hadi shambani, tunasali huku mnaokota. Na kila nyumba, chai. Vijiko vinne vya sukari, kwa sababu kumpa mchungaji chai ya kubania sukari ni aibu. Nyumba tisa, vikombe tisa.

Ikaanza kiu. Mnajua maji ya huku juu yanavyotusumbua, na mimi dumu nilikuwa nalimaliza peke yangu. Nikikojoa, sisimizi wanajaa pale pale. Mke wangu, Mama Upendo, akaona. "Baba Upendo," akasema, "mkojo wa mtu mzima haufuatwi na sisimizi hivi. Twende tukapime." Tukaenda Newala, wakapima, wakakuta sukari. Nikapewa vidonge. Nikaambiwa niache vitu vitamu, nisishinde njaa, na kila jioni nikague nyayo, maana miguu itakuja kufa ganzi na sitasikia nikiumia.

Mtauliza, kwa nini sikuwaambia? Huku kwetu mtu akikataa chai ya mwenzake amesema neno kubwa bila kufungua mdomo. Amesema, wewe mchawi. Mchungaji akiikataa, ndiyo imetangazwa kabisa. Nilijaribu mara moja kwa Bibi Rozina, mjane wetu wa mwisho wa njia. Nikasema nimeshiba. Akakirudisha kikombe kwenye sinia. "Mchungaji, na wewe wameshakuambia?" Maneno juu yake yalikuwepo tangu mumewe afariki. Nikanywa. Nikaongeza na cha pili ili aamini. Ningesema tu, "Bibi, nina sukari." Maneno matatu! Lakini niliona haya, mimi ninayewaombea wagonjwa nami niwe mgonjwa. Upumbavu wangu huo, simsingizii mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilishaanza kuniumbua.

Jumamosi moja nilivaa viatu vyeusi mlivyoninunulia nilipohamia hapa. Soli ilishagongwa na fundi mara mbili. Nilitembea kutwa nzima, sikusikia kitu. Kituo changu cha mwisho kilikuwa kwa Bibi Rozina. Nilipofika nyumbani, Mama Upendo akanivua soksi, ikang'ang'ania. Akavuta, ikaja na ngozi, damu ikatapakaa kwenye mkeka. Nikamwuliza, "Damu ya nani hiyo?" Tukadhani nimechomwa na kisiki njiani. Kiatu chenyewe hatukukiangalia.

Siku ya nne kidole gumba kilikuwa cheusi, unyayo umevimba, laini kama muhogo uliolowekwa. Usaha unatoka. Harufu ikawahamisha wanangu, wakalala jikoni. Homa haishuki. Ndipo Baba Anjela, katibu wetu, wewe uliyekaa hapo mbele, usiangalie chini, ukaja na wazee wawili. Ukasema, "Mchungaji, hiki si kidonda cha hospitali. Umekanyaga kitu cha mtu." Ukauliza siku ile nilimalizia nyumba gani. Nikasema, kwa Bibi Rozina. Ukaguna. "Lisemwalo lipo," ukasema. Mkamimina mafuta kwenye kidonda, mkaniambia nifunge siku tatu. Mgonjwa wa sukari afunge! Ninyi hamkujua, sawa. Mimi nilijua, na nikafunga.

Siku ya pili ya mfungo Bibi Rozina akaja kuniona, amebeba chupa yake ya chai. Nikamsikia mlangoni, "Hodi." Baba Anjela akamjibu, "Umekuja kuangalia kazi yako?" Kisha nikasikia kandambili zake zikirudi zilikotoka. Mimi nilikuwa macho, jamani. Sauti nilikuwa nayo. Nikageukia ukutani.

Siku ya tatu nikaanza kutetemeka, jasho linanitoka, naongea ovyo. Mama Upendo akaingia akawakuta mnaimba. "Tokeni! Mkitaka kuzika, kazikeni kwenu!" Mkamwita mwanamke asiye na imani. Thubutu! Yeye ndiye aliyenipakia kwenye gari la jirani yetu Mwislamu, nguo zangu na viatu kavitia kwenye mfuko, akanifikisha hospitalini kule Mkomaindo. Daktari, kijana wa rika la wanangu, akakibonyeza kidonda, hewa ikalia chini ya ngozi. "Baba, mngesubiri siku mbili tungekata hapa," akapitisha kidole chini ya goti langu. Wakakata vidole viwili. Halafu kila asubuhi wanakwangua nyama iliyooza, nami nauma shuka nisipige kelele. Muuguzi mmoja akamwuliza mke wangu siku ile nilivaa kiatu gani. Mke wangu akakitoa mfukoni, muuguzi akaingiza mkono ndani, akauchomoa upesi kidole kinavuja damu.

Kiatu hiki hapa. Pitishianeni, mguse ndani, polepole. Msumari huo wa soli ndio "kitu cha mtu". Kiatu mlinivisha ninyi wenyewe, kwa upendo, na kwa hilo simlaumu mtu yeyote, viatu huchakaa. Nawalaumu kwa jingine. Miezi mitatu nimelala, bibi wa umri ule mlimwachia korosho zake aokote peke yake. Watoto mkawakataza kumbebea ndoo ya maji. Siku ya Meza ya Bwana alipopiga magoti, waliokuwa pembeni yake mkainuka mkahamia upande wa pili. Ebo! Meza ya nani ile? Mke wangu aliponisimulia nililia kuliko nilipokatwa vidole, kwa sababu mlango wa yote hayo niliufungua mimi nilipogeukia ukutani.

Juzi nilikwenda kwake na mkongojo wangu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Hakuleta chai. "Nimeacha kuchemsha," akasema. "Nani atakunywa?" Nikamwambia yale maneno matatu. Nikamwambia na la pili, kwamba siku ile alipopiga hodi nilikuwa macho. Akanitazama sana.

"Nilijua," akasema. "Niliposema hodi, uliacha kugumia."

Akaenda ndani akaleta maji kwenye kata. Akanywa yeye kwanza, kama afanyavyo mwenye nyumba kumtoa mgeni wasiwasi, ndipo akanipa. Nikanywa yote. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumlazimisha.

Basi pimeni sukari. Ukiwa nayo, sema, ugonjwa si wizi. Kagua nyayo zako, kung'uta kiatu, ingiza mkono kabla ya mguu. Maombi mtaniombea nikiwa njiani kwenda hospitali. Nikija kwenu nipeni maji, na atakayeona nimemdharau, shauri yake. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale vijana wa hospitali, na namshukuru Mama Upendo, ambaye miaka yote nilimwita mbishi. Ubishi wake ndio mguu huu.

Sasa geukeni nyuma. Bibi Rozina yuko benchi la mwisho, peke yake, na benchi lile ni la watu sita. Baba Anjela, soma matangazo. Kiti changu cha hapa mbele leo sikitaki. Natembea polepole siku hizi, nipisheni. Nikishakaa pale, zitabaki nafasi nne.