Nilivyomfelisha Bhoke kwa somo la ng'ombe nililoandika mwenyewe

Wakuu, shikamooni mlionitangulia, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni mkufunzi mstaafu, sina cheo cha kutafuta humu. Nasimulia nilichokifanya kwa mikono yangu, na kuna sehemu inanitia aibu mpaka leo.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kijana, mkufunzi wa hesabu chuo kimoja cha ualimu kule Mara. Kwetu ni Tanga. Ng'ombe nilimjua kwenye chai ya maziwa tu.

Agizo lilikuwa masomo yatokane na maisha yetu, tuachane na mifano ya wakoloni. Nikapewa kuandika mwongozo wa kufundisha hesabu shule za msingi. Nikajifungia ofisini wiki mbili.

Somo la kwanza: kila mtoto akahesabu ng'ombe wa kwao, alete idadi darasani.

Nilijiona bingwa. Sikumuuliza Mkurya hata mmoja.

Ukafika wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nikaenda Nyanungu kumkagua mwanachuo wangu Bhoke, binti wa huko huko. Nikakaa nyuma ya darasa na fomu yangu.

Bhoke akaliruka somo langu lote.

Aliwaambia watoto wafumbe macho, wawakumbuke ng'ombe wa kwao kwa rangi na pembe, kisha wawapange kwa kokoto: weusi huku, wenye mabaka kule, wenye mabaka na pembe fupi pembeni. Darasa lilichangamka mno. Mimi nikaandika: hakufuata mwongozo, amefeli.

Kufeli mazoezi maana yake hakuna cheti, na kwao ndiye wa kwanza kufika chuo.

Hakulia. Akasema tu, "Mwalimu, gari lako ni la kesho. Leo utafikia kwetu."

Jioni mifugo ikarudi. Mama yake, jina lake Ghati, alisimama kwenye lango la zizi na kibuyu cha kukamulia. Mimi kwa kujipendekeza nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu...

Mama akanishusha mkono, taratibu. Akasema kitu kwa Kikurya.

Bhoke akatafsiri: "Anasema hapa ng'ombe hawahesabiwi, ni kuita balaa. Anasema pia yule mweusi mwenye paji jeupe hajaingia."

Wakaenda kumtafuta, wakamkuta amebaki mtoni.

Aisee! Mama hajashika chaki maishani mwake, lakini alikuwa anapanga makundi kichwani vizuri kuliko mimi niliyesomea. Bhoke alikuwa amefundisha alichokipata pale langoni.

Nikaichana fomu, nikajaza nyingine: amefaulu. Mkuu wa chuo alinifokea, eti mwongozo uuandike wewe na kuupinga uupinge wewe. Nikamwambia ndiyo, nimekosea.

Bhoke akapata cheti. Likizo iliyofuata tukaiandika upya sura ya somo lile la ng'ombe nyumbani kwao, mama akisema, Bhoke akitafsiri na kupanga masomo, mimi nimeshika kalamu.

Sasa aibu yenyewe.

Mwongozo ulipotoka, kwenye jalada palikuwa na jina langu peke yangu. Nililiona. Nikanyamaza. Na cheo nikapanda kwa huo huo mwongozo.

Miaka mingi baadaye nikampitia Bhoke kule Manchira, sasa ni mwalimu mkuu. Nakala yake ya mwongozo ilikuwa mezani, imechakaa. Chini ya jina langu ameandika kwa wino: Ghati.

"Mama hajui kusoma," akaniambia. "Nikienda likizo ananiomba nimwonyeshe jina lake, analigusa kwa kidole. Akiuliza langu liko wapi, namwonyesha la kwako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo ninyi mnaoandaa mitaala vyuoni leo, mnaosema mnataka maarifa ya wenyeji: nendeni mkawaulize kabla ya kuandika, na mkishaandika wekeni majina yao.

Mwenye yaliyomkuta kama haya ayaweke hapa chini. Wa kunilaumu pia karibuni, nimejiandaa.

Mwandishi wa sura ile ni Bhoke, binti Ghati, wa Nyanungu. Jina lake naliandika huku kwa sababu kule jaladani sikuliandika.