Wimbo wa Meneja Aliyetuacha Kigongo

Nimechoka na ule wimbo. Nikianza mwingine wowote, dakika mbili hazipiti, mtu anapaza sauti kutoka nyuma, "Piga ule wa meneja bwana." Nami naupiga, nifanyeje.

Niliutunga kwa siku moja, kwa hasira, chumbani kwangu Mabatini. Tulikuwa bendi ya roki, watu wanne na magitaa ya kukwaruza, katika mji ambao watu walituuliza kama spika zetu zimeharibika. Aliyetuamini alikuwa meneja wetu peke yake. Alihangaika hadi akatupatia onyesho Geita, la kwanza la maana. Enzi hizo daraja bado halijajengwa, ziwa tulilivuka kwa kivuko kutoka Kigongo. Wimbo unasema meneja alipanda na vyombo, akatuacha Kigongo tumesimama juani, maana alishapata bendi nyingine ng'ambo. Kiitikio chake kitamu, hilo sikatai. Hata watoto wa shule wanakiimba.

Ni uongo mtupu. Alituita mara tatu. Mimi nilikuwa kibandani nakula samaki, nikiwaambia wenzangu watulie, bila mwimbaji kuna onyesho gani? Kivuko kikaondoka, naye yumo ndani na vyombo. Tulipofika Geita watu walishatawanyika, na aliyetukanwa ukumbini alikuwa yeye. Siku iliyofuata akatuambia hawezi tena kuongoza watu wenye kiburi. Badala ya kuomba radhi, nikashika gitaa.

Mwaka huu mke wa meneja alinifuata nyumbani. "Shemeji, nina shida," akasema, hata kitini hajakaa. Binti yao kapata mchumba, na wakwe ni watu wa Geita. Mshenga alikuwa amewauliza waziwazi kama baba wa binti ndiye yule wa kwenye wimbo. Wazee wa upande wa mwanaume walikuwa wanasita, hawataki kuoa kwa mtu anayewatupa wenzake njiani. Aliomba niende nikaseme ukweli. Hakunilaumu hata kidogo, na heri angenitukana.

Jumapili, baada ya ibada, nikaenda nyumbani kwao Buswelu, wakwe walipokuja kuposa. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Meneja alikaa pembeni, mvi tupu kichwani. Tulikuwa hatujaonana tangu bendi ivunjike.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikasimama nikaeleza yote: kibanda, samaki, kiburi changu, na jinsi nilivyoutunga uongo ule nikijua fika kwamba ni uongo.

Baba mkubwa wa bwana harusi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, tumekusikia. Lakini miaka yote umemsingizia mwenzako, na sisi tukakuamini. Leo tena tukuamini kwa lipi?"

Nilitazama zulia. Nilimfikiria yule binti, aliyekuwa chumba cha pili akisikia kila kitu, nikaona nimemwongezea mzigo badala ya kumtua. Laiti ningeweza kutoka bila kupita mbele ya watu, ningetoka.

Meneja ndiye aliyejibu. Alikohoa kwanza, kama alivyozoea kabla ya kuzungumza na wenye kumbi.

"Baba, mwaminini tu," akasema. "Huyu nimekaa naye miaka. Akikosa hujificha, utamtafuta hadi uchoke. Kusimama mbele ya watu na kusema nimekosa, hiyo kwake ni kazi ngumu mno. Asingeifanya kwa ajili ya uongo."

Wazee walinong'onezana. Mshenga akaomba mazungumzo ya posa yaendelee, nami nikaaga. Nilitembea hadi barabarani. Miaka yote ile nilizunguka nikiimba kwamba yule bwana hakunijali, na humo ndani, kati ya watu wote wale, yeye peke yake ndiye aliyepata neno jema la kusema juu yangu.