Dari Lisubiri

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nyumba ikishaezekwa imekuwa yenu. Ile ya mwanangu pale Sofu ilikuwa ya mkopo wa benki, naye na mkewe kila mwezi walilipa zaidi ya rejesho ili wamalize deni mapema. Mkewe alipojifungua, nilitoka Mzenga kwenda kumkanda. Arobaini ya mtoto ilipokaribia, mkwe wangu huyo akaanza kulilia dari.

"Mama, wageni wakae chini ya bati tupu? Watatucheka! Mwezi huu tulipe rejesho tu, inayozidi tupige dari."

"Wanakuja kumwona mtoto au kuhesabu misumari?"

Mwanangu akacheka, mkewe akanuna. Nikajilaza mkekani kando ya mjukuu. Jua lilipenya kwenye mikunjo ya bati pale juu ya ukuta, na vidoa vya mwanga vikamtembea usoni polepole, kama vilivyomtembea baba yake nilipokuwa nikimlaza chini ya mikorosho yetu. Nikawa sijui niko wapi, wala mtoto ni yupi. Shamba lile lilikuwa letu. Hakuna aliyeweza kuja kutuamsha na kututoa kwa deni.

Nilipoinuka nikawaambia, "Wageni watandikieni mikeka chini ya bati hili hili. Pesa ya dari ipelekeni benki."